Kupanda mkalamu nyumbani, na kuuacha ulale kila mwaka

Masika yakishakolea, pita njia yoyote ya vichakani karibu na bahari, kuanzia Bagamoyo hadi Kilifi, utazame juu kidogo ya usawa wa kiuno. Katikati ya matawi yasiyo na sifa yoyote utaona ua linalowaka: petali sita zimejikunja kuelekea angani kama ndimi za moto, kingo zake zina mawimbi, chini manjano, juu nyekundu. Huo ndio mkalamu, na wapo wanaouita kimungwina. Katika vitabu vya mimea unaandikwa Gloriosa superba, jina lililotolewa na Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, mwaka 1753. Zimbabwe wameufanya ua lao la taifa. Jimbo la Tamil Nadu kule India nalo limeuchukua kuwa ua rasmi la jimbo. Mwaka 1947, binti mfalme Elizabeth wa Uingereza alipozuru Rhodesia ya Kusini, ambayo leo ni Zimbabwe, alizawadiwa pambo la almasi la kubana kifuani lililochongwa kwa umbo la ua hili.

Mimi nimelea mikalamu Kigamboni kwa miaka tisa sasa. Miaka miwili ya mwanzo niliiua yote. Haikufa kwa ukame wala wadudu, niliiua kwa huruma. Niliona mashina yanakauka mwezi wa saba, nikadhani yana kiu, nikazidisha maji asubuhi na jioni. Nilipofukua nilikuta uji unaonuka. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba mkalamu hukaa juu ya ardhi miezi minne au mitano tu. Miezi mingine yote unalala chini ukiwa kiazi kitupu, na kiazi kilicholala hakinywi. Ukilishika hilo, kazi iliyobaki ni ndogo.

Kabla ya kushika kiazi

Mkalamu una sumu, na sumu yake haina mchezo. Mmea mzima una kolkisini: majani, maua, shina, na zaidi ya yote viazi na mbegu. Ni dawa ileile ambayo hospitali huwapa wagonjwa wa jongo kwa kipimo kidogo sana. Inazuia chembe za mwili kugawanyika, ndiyo maana anayemeza kiazi hutapika na kuharisha baada ya saa chache, kisha viungo vya ndani huanza kushindwa kimoja baada ya kingine. Wanaopona wengine hupoteza nywele zote za kichwani kwa muda. Sri Lanka na India kuna watu waliokufa kwa kula kiazi hiki wakidhani ni kiazi kikuu au kiazi kitamu, na ukikiona kimeoshwa utaelewa kwa nini.

Siku niliyoleta viazi vyangu vya kwanza niliviweka barazani ndani ya kikapu cha sokoni. Mzee jirani yangu, anayejua mitishamba, alisimama, akakisogeza kile kikapu kwa ncha ya bakora yake. "Mwanangu, hivi visivuke kizingiti cha jiko." Tangu siku hiyo nina taratibu ambazo sizivunji:

Navaa glavu ninapochimba au kugawa viazi, na nanawa kwa sabuni nikimaliza, kwa sababu utomvu huwasha ngozi za wengine. Kisu cha kukatia kina alama ya rangi nyekundu kwenye mpini, na hakirudi jikoni. Viazi vilivyohifadhiwa vinakaa kwenye boksi lenye kufuli na maandishi makubwa. Sipandi mkalamu kwenye tuta la muhogo, la viazi au la tangawizi, wala karibu nalo, maana anayekuja kuchimba chakula jioni taa ikiwa hafifu hachunguzi. Mbuzi na ng'ombe wazuiwe pia.

Kama nyumbani una mtoto wa umri wa kuweka kila kitu mdomoni, naomba usubiri. Ua hili litakungoja miaka mitatu. Na ikitokea mtu amemeza kipande chochote, usikae kungoja dalili, usimpe maziwa ukaridhika, usimlazimishe kutapika. Mpeleke hospitali saa hiyohiyo, ubebe na kipande cha mmea ili daktari ajue anapambana na nini. Sumu hii haina dawa maalumu ya kuizima. Kinachosaidia ni kuwahi.

Kupata viazi

Usichimbe porini. Kiazi kinakaa kina kirefu kuliko unavyodhani na ni chepesi kuvunjika, kwa hiyo mara nyingi utaondoka na kipande kisichochipua na huku nyuma umeacha shimo. India mmea huu umechimbwa sana msituni kwa ajili ya viwanda vya dawa hadi umeadimika sehemu nyingi, na sasa wakulima wa Tamil Nadu wanaupanda mashambani ili kuuza mbegu. Vichaka vya pwani yetu vinafyekwa kila siku kwa ajili ya viwanja. Tusiviongezee mzigo. Isipokuwa kama kiwanja chako mwenyewe ndicho kinachosafishwa na tingatinga liko njiani: hapo chimba, okoa unachoweza.

Uliza kwenye vitalu vya miti ya mapambo, au kwa mtu aliye nao tayari. Mmea wenye afya huzaa viazi vipya kila msimu, kwa hiyo mwenye nao huwa na vya kugawa. Ukipewa, tazama umbo: kiazi kizuri kina mikono miwili iliyoungana kama herufi V, mithili ya pembe, kila mkono una urefu wa kidole au zaidi. Kiwe kigumu, kisicho na madoa meusi yanayobonyea. Kisha tazama ncha za mikono. Hapo ndipo penye jicho, na kila mkono una jicho moja tu, mwishoni kabisa. Kiazi cha kawaida unaweza kukikata vipande sita na kila kipande kikaota. Mkalamu hapana. Ncha ikivunjika, mkono ule umekwisha, hata kama ni mnene na mzuri kiasi gani. Ndiyo maana mimi huvibeba viazi hivi kama mayai, nimevizungushia gazeti, na simwachii kondakta wa daladala kuvipanga.

Mahali na udongo

Porini mkalamu huota chini ya kichaka na kupanda hadi juani. Nyumbani ufanyie vivyo hivyo: miguu kivulini, kichwa juani. Upande wa mashariki wa nyumba, mbele ya uzio wa seng'enge au kichaka kilichokwishasimama, panafaa sana. Jua la saa sita likiwa kali, kivuli chepesi cha mnazi au mpapai kinausaidia.

Watu wengi huniambia udongo wa pwani ni mchanga mtupu na hauoteshi kitu. Kwa mkalamu mchanga huo ni bahati, kwa sababu adui wake ni maji yaliyotuama. Mimi nachanganya ndoo mbili za mchanga wa hapa kwetu na ndoo moja ya mboji iliyoiva vizuri. Samadi mbichi usiiguse, inaunguza na kuozesha. Mwenye udongo wa mfinyanzi, au ule mweusi unaopasuka kiangazi, ainue tuta sentimita 25 hivi juu ya ardhi na aongeze mchanga mwingi wa mtoni, au atumie chungu.

Chungu kiwe na upana na kina cha sentimita 30 kwa kiazi kimoja au viwili, na matundu chini. Ndoo kuukuu ya rangi iliyotobolewa inafaa kama chungu chochote cha dukani. Usiweke sahani ya kukinga maji chini yake.

Kupanda

Huku pwani napanda wiki za mwisho za Februari, masika yakinusa. Wa nyanda za juu, iwe Lushoto, Arusha au Nairobi, asubiri mvua zishike na baridi ya usiku ipungue. Kanuni ni moja: kiazi kiwekwe ardhini kikiwa tayari kuamka, na dalili yake ni kijicho cheupe au cha kijani kinachoanza kuvimba kwenye ncha. Kisichovimba kiache kwenye boksi wiki mbili tatu zaidi.

Kwanza simamisha mhimili, kabla hujapanda. Ukichomeka fito baadaye utazichomeka ndani ya kiazi.

Chimba mfereji wa kina cha sentimita 8 hadi 10. Laza kiazi ubavu, V ikiwa imelala, ncha ziwe mbali na mhimili kwa upana wa kiganja. Usikisimamishe. Kikiwa na macho mawili yaliyoamka, kitatoa mashina mawili, kwa hiyo acha sentimita 30 hadi 45 kabla ya kiazi kingine. Fukia taratibu kwa mkono, usikanyage, kisha mwagilia mara moja hadi udongo ulowe. Tandaza nyasi kavu au majani makavu kuzunguka. Baada ya hapo usimwagilie tena hadi uone chipukizi, ila kama udongo umekauka kabisa hadi chini.

Chipukizi hutokea baada ya wiki mbili hadi nne, wakati mwingine zaidi. Kinatoka kama ncha ya mkuki, kijani kilichoiva. Kuku wakikiona wamekwisha kula, na kikivunjika katika wiki hizo za mwanzo mara nyingi kiazi hakitoi kingine mwaka huo. Nazungushia kila chipukizi kipande cha chupa ya maji iliyokatwa juu na chini, naiondoa shina likifika magotini.

Kuufundisha kupanda

Hapa ndipo mkalamu unaponifurahisha kuliko mmea mwingine wowote nilio nao. Hauna vikono vya pembeni kama mpasheni au tango. Ncha ya jani lenyewe hurefuka, ikajikunja kama ndoana, ikagusa kitu chembamba, na kwa siku moja au mbili ikawa imekizungukia na kukaza. Kila jani lina mkono wake. Kaa nao asubuhi mbili tatu mfululizo utayaona yakitafuta.

Kwa hiyo mhimili lazima uwe mwembamba. Ndoana hizi haziwezi kushika nguzo, ukuta wala bomba. Zinataka kitu cha unene wa penseli au chini ya hapo: kamba ya katani, seng'enge nyepesi, fito za mkoko zilizochanwa, matawi makavu yenye vijiti vingi. Mimi nafunga kamba za katani kutoka chini hadi kwenye boriti ya baraza, sentimita 15 kati ya moja na nyingine. Shina hufika mita mbili, na mahali linapopenda hupita hapo. Likiinama njia isiyofaa, liongoze kwa upole likiwa changa, usilisokote. Ni laini kama bua la bamia na hukatika kwa sauti.

Unaweza pia kuuacha upande ndani ya kichaka kingine, kama porini, na kwa macho yangu hivyo ndivyo unavyopendeza zaidi. Chagua tu kichaka kisichochumwa. Rafiki yangu aliuotesha ndani ya asumini, akapata mchanganyiko wa kupendeza, lakini asumini huchumwa kila jioni na wasichana wa nyumbani, gizagiza, kwa kupapasa. Nilimwomba auhamishe, akauhamisha.

Maji, chakula na maua

Wakati wa kukua, udongo uwe na unyevu usiokauka wala kutota. Mvua zikikatika, ndoo moja kwa mimea mitatu kila baada ya siku mbili inatosha kwenye mchanga, na kwenye udongo mzito punguza. Mwagilia chini, si juu ya majani, na iwe asubuhi.

Mbolea ya chumvichumvi yenye naitrojeni nyingi inakupa majani mengi na maua machache. Natia konzi ya mboji kila baada ya wiki tatu, na vitumba vikianza kuonekana nanyunyiza majivu ya kuni kiasi cha kijiko cha chakula kuzunguka kila shina, mbali kidogo na shina lenyewe. Majivu yana potasi, na potasi husaidia ua na kiazi.

Vitumba hutokea kwenye makwapa ya majani ya juu, kama miezi miwili hivi baada ya kuchipua. Ua halifunguki likiwa jekundu. Linaanza la kijani, limeinama chini. Petali zinageuka nyuma, manjano inaingia, kisha wekundu unashuka kutoka kwenye ncha siku hadi siku hadi ua zima linaiva rangi. Kwa hiyo shina moja hubeba maua ya rangi tatu kwa wakati mmoja. Kila ua hudumu kama wiki moja. Vipepeo wakubwa huja, na ndege aitwaye chozi pia.

Ukitaka ya kuweka mezani, kata ua pamoja na kikonyo kifupi, usikate shina refu lenye majani, kwa sababu majani hayo ndiyo yanayolisha kiazi cha mwakani. Japani, hasa mkoa wa Kochi, wanalima mkalamu kwenye mabanda kwa biashara ya maua ya kukatwa. Maji ya chombo yamwagwe chooni, na chombo kioshwe peke yake.

Magonjwa sina mengi ya kusema. Viwavi hula majani kwa kasi kubwa, hivyo kagua chini ya jani kila baada ya siku mbili na uwaokote kwa mkono wenye glavu. Vidukari hukusanyika kwenye vitumba, na maji ya sabuni ya kipande huwaondoa. Konokono huja usiku wa mvua. Majani yakipata madoa ya kahawia yanayoenea, yakate uyachome moto ukiwa umesimama mbali na moshi, kisha punguza maji.

Usingizi

Mwezi wa saba kwangu, majani ya chini huanza kuwa manjano. Hii ndiyo saa niliyokosea miaka miwili. Usipige kelele, usiongeze maji, usitie mbolea. Mmea unashusha kila ulichonacho kwenda chini: kiazi cha zamani kinasinyaa na kufa, na pembeni yake kinajengwa kipya, V nyingine nono zaidi. Punguza maji kila wiki hadi uache kabisa. Usikate shina likiwa na kijani hata kidogo. Litakapokuwa kavu kama bua la mtama, likate usawa wa ardhi na uchomeke kijiti chenye rangi mahali pale. Kijiti hicho ni muhimu kuliko unavyofikiri, kwa sababu kufikia mwezi wa kumi hutakumbuka ulipo, na utachimba shimo la mchicha juu yake.

Kwenye mchanga unaokauka vizuri, acha viazi hapohapo ardhini. Mvua za vuli zinaweza kukiamsha kimoja kabla ya wakati wake. Kikiamka, kihudumie kama kawaida, nacho kitalala tena. Mwenye udongo unaolowana, au mwenye chungu kinachopigwa na mvua, afukue: anza sentimita 30 mbali na shina, ingiza jembe uma kutoka chini, inua udongo wote, kisha uuvunje kwa vidole. Katika hatua hii ndipo ncha nyingi hupotea. Viazi visioshwe. Viache kivulini siku mbili, halafu vilaze ndani ya boksi la mchanga mkavu au maranda ya mbao, mahali penye hewa na pasipo joto kali. Vikiachwa wazi vinasinyaa kama ngozi ya kiganja cha mzee.

Wakati wa kugawa ni huohuo. V yenye mikono miwili minene inaweza kutenganishwa pale inapokutana, kila mkono ukabaki na jicho lake. Paka majivu kwenye kidonda, kiache kikauke siku mbili. Mikono mifupi kuliko kidole usiitenganishe, itachelewa mwaka mzima kutoa ua.

Kwa ndugu walioko Ulaya na Marekani Kaskazini, mkalamu unawezekana huko, mara nyingi ukiuzwa kwa jina la Rothschildiana. Panda kwenye chungu ndani ya nyumba mwezi wa tatu au wa nne, dirisha lenye jua, utoe nje baridi ikishaondoka kabisa. Majani yakikauka ingiza chungu ndani, kikae kikavu, nyuzi joto 10 hadi 15 za Selisiasi, hadi mwaka unaofuata. Walio pwani ya mashariki ya Australia wasiupande kabisa: kule umetoroka bustanini na kuvamia matuta ya mchanga ya ufukweni.

Kwa mbegu, kama una subira

Ukitaka mimea mingi, uchavushe ua mwenyewe. Litazame: shingo ya kike imepinda kando kwa pembe mraba, imeelekea nje, mbali na chavua zake yenyewe. Asubuhi ya siku ua linapofunguka, chukua brashi laini, beba chavua kutoka ua la mmea mwingine, ipake kwenye ncha ya shingo hiyo. Tunda la kijani lenye vyumba vitatu litavimba na kukaa miezi mitatu au zaidi kabla ya kukunjamana na kupasuka. Ndani kuna mbegu nyekundu za mviringo, zinazong'aa kama shanga. Ndiyo sababu nalifunga kila tunda kwa kipande cha chandarua kabla halijapasuka: rangi hiyo inamwita mtoto.

Ondoa nyama nyekundu, kausha mbegu kivulini, zihifadhi hadi msimu unaofuata. Zilowe usiku kucha kwenye maji ya uvuguvugu, kisha zifukie sentimita moja kwenye mchanga na mboji. Huota bila mpangilio, moja baada ya mwezi, nyingine baada ya mitatu, kwa hiyo usimwage kisanduku mapema. Mwaka wa kwanza utaona jani moja au mawili kama nyasi, na chini kiazi kidogo kama punje ya mahindi. Mwaka wa pili shina la urefu wa kiganja. Kisanduku nilichopanda masika ya 2021 kilinipa ua la kwanza mwaka 2024, moja tu, kwenye shina lililofika kifuani, na viazi vya ndugu zake saba bado vilikuwa vinajaza mikono yao chini.